Kwa Mawe Tu

Huku kwetu Trás-os-Montes, nyuma ya milima,
jiko letu lina mizani mbili:
moja ya unga,
na ya pili usiiguse, Adérito.

Miaka arobaini na mmoja nimechonga matale,
nikarudi na nyufa viganjani, wembe ungezama humo.
Zulmira hunishika mkono chini ya taa
kama asomaye barua ya mahakama.
"Nta sehemu moja, zeituni nne."
Asubuhi kopo liko mezani.

Hakuna tone la maji ndani ya kopo hilo.
Alijifunza kwa aibu:
krimu ya maji ya waridi aliyompa Dona Hermínia,
bila kihifadhi, "asilia kabisa,"
siku ya tisa iliota manyoya ya kijani.
Tangu hapo neno asilia halimtongozi.
Hata uyoga wa sumu, husema, haukutoka kiwandani.

Wageni humtaka achanganye siki na magadi soda
waone yanavyofoka.
"Kelele tu. Povu likitua umebaki na maji ya chumvi,
kama wewe na ndugu yako."
Na siki haikai kabati moja na klorini.
Hapo hatanii.

Februari alivunjika nyonga.
Wakampeleka Bragança, nikabaki na paka
na kipande cha sabuni chembamba kama ukucha.
Nikasema: nami ni fundi.

Nilichokijua ni makatazo yake.
Kostiki iingie majini, maji yasiimwagikie kostiki.
Sufuria ya aluminiamu, hapana.
Dirisha wazi hata theluji ikianguka.
Mkono mtupu haulambwi,
na wenye kostiki vilevile.
Haba na haba hapa haijazi kibaba, inaunguza:
pima, Adérito, usikisie.

Nikapima. Nilivaa glavu zake za pinki,
zikanifika katikati ya vidole.
Daftari likasema zeituni mia nane, nazi mia mbili,
kostiki mia moja thelathini na saba.
Nazi haikuwepo, chupa ilibaki na harufu tu.
Nikajazia zeituni.
Kwa mchonga mawe kilo ni kilo;
nani angeniambia mafuta yana tabia?

Nikakoroga hadi ikawa uji,
hadi mwiko ukaacha njia nyuma yake.
Nikamimina kwenye kalibu niliyoiunda kwa mbao za kitanda cha zamani.
Kesho yake nilikata vipande kumi na viwili,
pembe zake mraba kamili.
Nilivipanga darini, nikawa navipandia kila jioni
kama mwenye kuku.

Alirudi wiki ya nne, kwa mkongojo.
Hakuuliza habari zangu. Alinusa.
"Nani ameingia kwenye daftari langu?"

Tukasubiri wiki mbili zilizobaki,
maana sabuni haijali umefurahi kiasi gani.
Siku ilipofika alilowesha kidole, akakigusisha kipande,
akakipeleka kwenye ncha ya ulimi.
Akaruka, na nyonga ile mpya.

"Nazi ulitia?"
Nikakohoa.
"Kila mafuta yana kiu yake ya kostiki.
Nazi hunywa nyingi, zeituni kidogo.
Umemnywesha zeituni kipimo cha mwenzake,
na iliyozidi imo humu, inamsubiri mtu."

Nilidhani atavitupa.
Akaketi, akavua miwani, akacheka mpaka paka akatoka nje.
Kisha akaomba ndoo.

Ngazi za mlango wetu nilizichonga mwaka tuliooana.
Sijaziona rangi yake tangu baba yake afe.
Nilipiga magoti, nikavaa glavu, nikasugua,
naye juu yangu ananyosha mkongojo:
pale, na pale, umeruka kona.
Masizi yakaondoka. Kuvu likaondoka.
Chembe za matale zikaanza kumetameta
kama siku niliyoziweka.

Vipande kumi na kimoja vimo ndani ya sanduku,
rafu ya juu, mbali na watoto wa jirani.
Ameubandika mfuniko karatasi, kwa mwandiko wake wa kuinama:

*Sabuni ya Adérito.
Si ya uso. Si ya mikono.
Kwa mawe tu.*